Jino Lenye Jina la Arasa

Nairobi, 14 Januari 2024

Kwa Baba mdogo Onyiego,

Pokea salamu zangu, na za watoto, na za baba yao ambaye amehamishiwa shule nyingine na analalamika kama kawaida yake. Sisi ni wazima. Kifua cha yule mdogo kimepona. Natumaini magoti yako yamevumilia baridi ya Januari na kwamba majani yanachumika. Mama ameniambia masikio yako sasa yamezima kabisa, simu hata ikipigwa kando ya kichwa husikii, kwa hivyo nimenunua karatasi na kalamu kama watu wa zamani. Miaka thelathini umeshika ile drili ya upepo ya kusafishia mifupa, na hakuna aliyefikiria kukupa kitu cha kuziba masikio.

Sasa jambo lenyewe. Unaijua kazi yangu hapa makumbusho, kutambua wanyama waliokwisha kutoweka kwa kutazama vipande vya meno yao. Mwezi wa Novemba, kwenye droo ya meno ambayo hakuna aliyewahi kuyajua, nilikuta jino la juu la shavuni, pana kama kifuniko cha soda. Karatasi yake inasema: Korongo la Chepyegon, 1986, limeokotwa na Arasa. Nilikaa chini sakafuni. Baba alirudi nyumbani kutoka korongo hilo mwaka huo huo, na mpaka tunamzika hakuwahi kutuambia neno juu yake. Alichuma chai ya watu miaka ishirini na miwili.

Jino hili halifanani na lolote tulilo nalo. Upande wa mbele ni wa pimbi, lakini pimbi mkubwa kama ndama. Upande wa nyuma unataka kuwa kifaru. Nataka kumwandika kama mnyama ambaye hajawahi kuandikwa, na mnyama wa namna hiyo lazima apewe jina. Nitampa jina la baba. Likishachapishwa halifutwi tena.

Waliokuwa naye kwenye kambi ya uchimbaji wamekwisha, umebaki wewe. Nina swali moja tu: jino lilitoka ardhini kipande kimoja au viwili? Naona ufa katikati. Na kile kitabu chako cha kambini, tafadhali niazime.

Wako mtiifu,
Gesare


Litein, 9 Februari 2024

Gesare,

Barua nimepata. Tuko, tunamshukuru Mungu. Ng'ombe mweusi amezaa, dume, bure kabisa. Kwenye kituo cha kupimia wamerudisha majani yetu mara mbili wakisema ni marefu, na karani anayesema hivyo ni kijana ambaye hajawahi kuchuma hata kikapu kimoja. Mama yako ni mzima, tumegawana mbegu za viazi. Mvua bado.

Hiyo habari ya jino imenichekesha. Nyinyi watu wa siku hizi mnatambua mnyama kwa kompyuta, kama mtu anayetazama harusi kwenye televisheni kisha anatoka nje kusema alikula pilau. Sisi tulikuwa tukiokota kitu tunakitia ulimini. Mfupa unanata, jiwe halinati, na hapo mjadala umekwisha. Wewe umekaa na digrii zako tatu, unaniandikia kwamba umepata pimbi mwenye mgongo wa kifaru. Kwa nini usimwongezee na mkia wa jogoo, ili Wazungu wafurahi zaidi.

Na baba yako. Alikuwa kaka yangu na sitaki kumsema aliyelala, lakini macho yake yalikuwa ya kuchuma chai. Angeokota punje ya mahindi akaiita jino. Daktari, yule Mzungu aliyeongoza uchimbaji, hakumfukuza kwa kupenda. Kama unatafuta jina la kumpa mnyama, kuna majina mengi duniani.

Kitabu kililiwa na mchwa.

Salimia watoto.
Baba yako mdogo, Onyiego


Nairobi, 26 Februari 2024

Kwa Baba mdogo,

Salamu, na pole kwa huyo dume. Hapa tuko salama, ila maji yanakuja mara mbili kwa wiki na tumekuwa mafundi wa kuoga kwa kikombe.

Asante kwa kicheko. Umeandika ukurasa mzima na hukujibu swali. Mchwa wa Litein nao wana akili ya ajabu, wamekula daftari la mwaka 1986 na hati ya shamba wakaiacha.

Nilimuuliza mama kwa simu. Alisema, 'Muulize baba yako mdogo, yeye ndiye anayejua.' Kisha akasema ana mboga jikoni, akakata.

Kwa vile umeniambia habari za macho, nimefungua droo zote za korongo lile. Meno arobaini na moja yana jina la Arasa kwenye karatasi. Yenye jina la Onyiego ni matatu, na moja kati ya hayo ni jiwe. Nililitia ulimini, kama ulivyonifundisha. Walikupeleka Nairobi kwa ajili ya mikono, Baba mdogo, na mikono ulikuwa nayo, hilo kila mtu anakiri. Lakini usinifundishe habari za macho ya baba yangu. Mtu aliyepata kazi akakaa mjini anamcheka aliyerudi kuchuma chai, na anadhani hiyo ni akili.

Narudia. Kimoja au viwili?

Gesare


Litein, 2 Aprili 2024

Gesare,

Mvua imekuja na mawe yake. Alhamisi saa tisa barafu ilipiga miche yote ya upande wa barabara, imebaki vijiti. Mama yako alipona kwa sababu shamba lake limeinama. Watu wanasema tungoje miezi mitatu ndipo tuchume tena. Mimi nangoja.

Umeniandikia kama mtu anayemwandikia kibarua aliyelala kazini. Meno matatu. Walimu wa walimu wako waliandika vitabu kwa mifupa niliyoitoa mimi kwenye mwamba, mfupa mwembamba kama ganda la yai, na hakuna hata mmoja uliovunjika mkononi mwangu. Wewe ungepewa nyundo ungevunja kidole chako.

Sikiliza, nikuambie jambo moja kisha niache. Hilo jino liache. Andika ni pimbi, uishie hapo, au usiandike kabisa. Kuna watu ng'ambo ambao kazi yao ni kukaa na mashine kutafuta makosa ya mtu kama wewe, na wakiyapata watayasoma kwenye mikutano huku wakinywa kahawa. Jina la kaka yangu lisiwekwe hapo. Nakuambia kama baba uliyebaki naye, na sitaki kuulizwa sababu.

Swali lako nimelisoma. Sijasahau kulijibu.

Onyiego


Nairobi, 30 Mei 2024

Kwa Baba mdogo,

Salamu. Watoto wamefunga na kufungua shule. Sikukuandikia kwa sababu sikuwa na la kuandika, na sasa ninalo lakini natamani nisingekuwa nalo.

Nililipeleka jino kwenye mashine inayoona ndani. Nilitaka picha nzuri ya kuchapisha tu. Ndani, pale penye ufa, kuna gundi, na juu ya gundi kuna plasta ya kujazia pengo. Nusu ya mbele gamba lake gumu la nje ni jembamba. Nusu ya nyuma gamba ni nene karibu mara mbili, na mistari ya kukua haikutani popote. Nusu ya nyuma ni jino la utotoni la kifaru. Hakuna mnyama, Baba mdogo. Kuna pimbi mkubwa, kuna kifaru mchanga, na kuna mtu aliyewalazimisha wakae pamoja.

Plasta ni nyeupe, lakini hii ni ya kahawia, imelingana na jino kabisa. Mwenzangu wa kemia aliipima. Imepakwa chai ya rangi, iliyochemshwa sana. Mafundi wengine wa kuunganisha mifupa hutumia udongo au rangi ya dukani. Ni nani angefikiria chai, kama si mtu wa huku kwetu. Na karatasi ina jina la Arasa.

Sasa ninaelewa kwa nini alinyamaza. Nilikuwa nikidhani ni unyonge, kumbe ni aibu ya mwizi aliyeshikwa. Alituangalia sisi watoto wake usoni miaka yote hiyo, akatuambia tusidanganye mtihani. Nilichagua kazi hii kwa sababu yake. Picha yake nimeiteremsha ukutani, na yule mdogo alipouliza babu ameenda wapi nikamwambia aendelee na uji wake.

Jina la mnyama halipo tena. Badala yake nitachapisha taarifa fupi mwishoni mwa Agosti, ili mtu mwingine asije akadanganyika. Itasema kwamba jino liliunganishwa kwa udanganyifu na Arasa, aliyeliokota. Mama nitamwambia Desemba nikija.

Naomba msamaha kwa barua yangu ya Februari. Ulikuwa ukijaribu kunizuia kwa heshima, bila kumvua nguo kaka yako, na mimi nikakutukana. Wewe ni mtu mkubwa kuliko nilivyodhani.

Mwanao,
Gesare


Litein, 28 Juni 2024

Gesare mwanangu,

Salamu nyingi. Miche imeanza kutoa. Ng'ombe anakamuliwa vizuri.

Msamaha wako nimeupokea kwa moyo mweupe. Wewe ni mtoto na uchungu humfanya mtu aseme. Yaliyopita tuyaache yapite, na mama yako usimwambie, yeye ni mtu wa presha. Hiyo taarifa nayo si lazima. Jino lirudishwe tu kwenye droo.

Baba yako mdogo,
Onyiego


Nairobi, 22 Julai 2024

Kwa Baba mdogo,

Salamu. Taarifa haiwezi kuachwa. Jino likirudi kwenye droo, baada ya miaka kumi msichana mwingine atalikuta apoteze miezi yake kama mimi. Nimekutafsiria sentensi yenyewe kwa Kiswahili, uione kabla haijatoka:

'Kielelezo hiki ni vipande vya wanyama wawili, vilivyounganishwa kwa makusudi na Arasa, kibarua wa uchimbaji, kwa nia ya kudanganya.'

Kama kuna neno lisilo la kweli, niambie kabla ya tarehe ishirini Agosti. Baada ya hapo litakuwa limechapishwa.

Gesare


Litein, 11 Agosti 2024

Gesare,

Leo sina habari za ng'ombe.

Irudishe picha ya baba yako ukutani kabla hujaendelea kusoma.

Arasa aliokota nusu ya mbele. Sisi wengine tulikuwa tukitambaa kwa magoti, yeye alikuwa akitembea tu wima, akainama akaitoa kwenye udongo kama mtu anayeokota kifungo cha shati lake mwenyewe. Mimi siku hiyo nilikuwa kwenye chekeche, na nusu ya nyuma ilibaki kwenye wavu wangu. Wiki ile Daktari alikuwa ametangaza kwamba atachukua mmoja wetu ampeleke Nairobi, kazi ya kudumu. Hakusema ni nani. Hata mpishi alijua ni nani.

Nilizishikanisha nusu hizo nikaona zinakaribia kukaa. Nikamwonyesha kaka yangu. Hata dakika haikuisha. Akasema, 'Onyiego, hivi havijuani. Tazama unene wa gamba.' Alichokiona kwa macho, wewe umekiona kwa mashine. Kisha akaenda mtoni kuchota maji. Aliporudi nilikuwa nimekwisha kuunganisha, nimejaza pengo kwa plasta, nimeipaka chai iliyobaki kwenye sufuria ya asubuhi. Ilikuwa kazi safi. Miaka thelathini na minane watu wenye digrii hawakuiona.

Nilimpelekea Daktari. Alifurahi akataka kuruka. Aliandika karatasi kwa jina la Arasa kwa sababu aliiona nusu ya kwanza mkononi mwake, na mimi nikajiona mjinga, nimempambia kaka yangu. Lakini Arasa hakulitaka. Alimwambia Daktari mbele ya watu wote kwamba jino lile ni uongo. Daktari akanigeukia mimi. Nikasema Arasa ndiye aliyeliunganisha, ila amekunywa chang'aa tangu asubuhi na sasa hajui anachosema.

Baba yako hakuonja pombe maisha yake yote. Daktari hakuwa na njia ya kujua hilo, na jino alilitaka liwe la kweli. Akasema hataki walevi kambini. Arasa alinitazama, nikadhani atanipiga. Hakunipiga. Alikunja blanketi lake akapanda lori la viazi kuelekea Kericho. Mwezi uliofuata mimi nilikuwa Nairobi.

Nilikuandikia kwamba macho yake yalikuwa ya kuchuma chai. Nimesema hivyo kwa watu wengi, kwa miaka mingi, mpaka karibu niamini. Nilimdharau kwa sababu siku ningeacha kumdharau ningebaki nikijitazama mimi. Na ulipoomba msamaha niliupokea. Hilo nalo liandike kama unataka.

Onyiego


Nairobi, 20 Agosti 2024

Onyiego,

Picha imerudi ukutani.

Barua yako nimeisoma mara nne, na kila mara nimekwama pale pale, 'ilikuwa kazi safi.' Mtu anakiri kwamba alimzika kaka yake akiwa hai, na bado anataka asifiwe plasta.

Jino nimelitenganisha. Gundi yako ilikubali kabla saa haijaisha. Nusu ya mbele ni pimbi ambaye tayari ana jina, alipewa na mtu mwingine zamani. Kwa hivyo hakutakuwa na mnyama wa Arasa, na hilo limenilaza kitandani siku mbili. Taarifa nimeiandika upya. Inasema kwamba Arasa alitambua mwaka 1986, kwa macho matupu, kwamba vipande hivi si vya mnyama mmoja, na kwamba alifukuzwa kazi kwa kusema hivyo. Nusu ya pili nimeiandikia karatasi yake: kipande cha jino la kifaru mchanga, kimeokotwa na kuunganishwa kwa udanganyifu na Onyiego. Ulitaka jina kwenye droo. Sasa meno yako ni manne, na karatasi hii haitaliwa na mchwa.

Mama sitamwambia mimi. Utaenda mwenyewe, si mbali, ni kuvuka ua. Utasema yote, usiruke chochote, na ile sehemu ya chang'aa utaisema kwa sauti. Wewe husikii, lakini yeye anasikia.

Gesare wa Arasa


Litein, 9 Septemba 2024

Gesare, mwanangu kama bado naruhusiwa,

Sikwenda mara moja. Kila asubuhi nilipata kazi nyingine ya kufanya. Jana baada ya kanisa nikavuka.

Shemeji Metrine alikuwa nje anachambua mboga. Nilisema nikiwa nimesimama, tangu chekeche mpaka lori la viazi. Hakuacha kuchambua. Nilipofika kwenye chang'aa nilisema kwa sauti mpaka Chepkemoi, jirani yetu, akatoka kutazama ni nini. Nilikuwa nimejitayarisha kwa mambo mawili, kwamba atalia au atanifukuza. Hakufanya hata moja. Alinawa mikono, akanimiminia chai, akaenda ndani akarudi na kalamu, maana anajua sisikii. Akaandika taratibu nyuma ya bahasha ya sadaka, akaiweka mbele yangu. Bahasha yenyewe naiweka humu ndani uione kwa macho yako, lakini nanukuu pia, isije ikapotea njiani:

'Arasa aliniambia siku ile ile aliporudi. Alinikataza nisikuulize, na watoto nisiwaambie. Alisema wewe ni ndugu yake, utakuja mwenyewe. Alikungoja mpaka akafa. Mimi sikukungoja kwa upendo. Nilitaka tu kuona mtu anaweza kula kwangu miaka mingapi akiwa na jambo hilo tumboni. Maliza chai uende.'

Niliimaliza.

Onyiego